Hakuna Hata Chembe ya Sukari

Jumapili, Machi 2

Mvua bado haijaanza ila harufu yake imeshafika. Kila mwaka ikichanganya, njia ya sokoni hugeuka tope na wauzaji hupandisha bei bila aibu, kwa hiyo leo nimejaza stoo mapema kama kawaida yangu. Ila mwaka huu nimejaza kivingine. Sukari yote iliyokuwemo ndani nimeigawa kwa majirani. Debe lake nimeliosha na kulianika.

Sababu ni mume wangu. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi nikazoea, maana ni fundi cherehani na hajui kazi nyingine duniani. Wiki iliyopita zahanati wamempima wakamkuta na sukari, na wanasema si ya leo wala jana. Iligundulika kwa sababu ya pini. Aliikanyaga dukani, ikaingia unyayoni, na kutwa nzima hakuisikia. Dada yake ndiye aliyeona damu kwenye kandambili. Sasa ana kidonda mguu wa kulia, na mguu huo ndio unaokanyaga cherehani. Daktari hakuzunguka: sukari ikishuka, kidonda kitapona. Isiposhuka, mguu utakatwa.

Mimi kazi yangu ni kuoka keki. Nusu ya watu wa hapa wameoana mbele ya keki zangu. Sasa eti mtu wa kwanza kunyimwa keki awe mume wangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu? Thubutu. Nitampikia bila sukari, na atakula mpaka asahau kwamba sukari iliwahi kuwepo.

Jumanne, Machi 4

Keki ya kwanza, bila kitu chochote kitamu. Imetoka nyeupe kama chaki, imepasuka juu, ukiikata inamomonyoka. Nilijua. Keki bila sukari haishiki maji wala haipati rangi, hilo anajua kila aliyewahi kuwasha oveni. Fundi amekula vipande viwili na kushukuru. Wifi yangu ameonja, akaenda kunywa maji.

Alhamisi, Machi 6

Mvua.

Ijumaa, Machi 7

Nimepata! Nimechemsha tende mpaka zikalainika, nikazitoa kokwa, nikaziponda na kuzichuja zikawa uji mzito. Nikachanganya na ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, mayai, unga, mafuta, asali kijiko kimoja cha kuongezea ladha. Ilipoumuka nilikaa nimechungulia mlango wa oveni kama mtoto. Imetoka kahawia, laini, inang'aa. Na hakuna hata chembe ya sukari!

Fundi alikula nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamuuliza vipi. Akasema nzuri sana, mke wangu.

Jumapili, Machi 9

Nimepanga stoo upya. Rafu ya chini nimeweka makopo ya tende, na juu yake zabibu kavu. Ndizi nimezikata vipande na kuzikausha ndani ya oveni, kwa sababu jua la kuanikia hatuna tena. Asali nimepata chupa sita kwa mrina mmoja anayepita na baiskeli, ambaye huapa kwa kila kitu kwamba hakuongeza maji. Unga nimeuweka kwenye madebe yenye vifuniko, maana unyevu huu ukiupata ni ukungu tu. Nilisimama nikatazama nikajisikia vizuri. Mvua inyeshe itakavyo.

Jumatano, Machi 12

Niandike kidogo juu ya wifi, maana huenda nikalipuka.

Ni mdogo wake Fundi. Aliachika akaja kwetu, akapewa chumba cha uani, na ni miaka sita sasa. Dukani anapinda pindo na kushona vifungo. Mchana ndiye anayemsafisha kaka yake kidonda, na hilo sitamnyima: mimi damu naiweza, usaha tumbo langu halitaki. Lakini ana tabia ya kunyonya pipi. Wakati wote shavu moja limetuna. Mgonjwa wa sukari amekaa hapa, na yeye amekaa pale anagongagonga pipi kwenye meno.

Leo nimemkatia keki. Ametafuna, akaniangalia, akasema, "Wifi, mbona tamu hivi?"

Nikamwambia huo ndio ufundi. Akasema, "Mimi nauliza tu, wifi. Tamu kweli kweli." Alivyolisema, nikaona wivu mtupu. Mtu hawezi kuchemsha hata yai, anataka kunitilia shaka keki.

Jumatatu, Machi 17

Mvua usiku na mchana. Fundi anafika dukani soksi zimelowa. Keki ya zabibu imetoka vizuri kuliko ya ndizi.

Jumatano, Machi 19

Zahanati. Sukari haikushuka. Imepanda.

Nesi alimuuliza kama anakula vitu vitamu. Fundi akasema hapana, mke wangu hatii sukari hata chembe, hata chai nakunywa hivyo hivyo. Nesi akamtazama jinsi watu wanavyomtazama mlevi anayesema amekunywa moja tu. Nilitaka kumrukia. Mume wangu ana mambo yake, lakini hasemi uongo. Njiani kurudi nikawaza: kama nyumbani sukari hakuna, basi anaipata pengine. Na pengine ni dukani. Na dukani kuna nani?

Ijumaa, Machi 21

Anakonda. Mashati aliyojishonea mwenyewe yanamwelea mwilini. Nimeamua dawa ni kumshibisha hapa hapa nyumbani, asipate nafasi tumboni ya kupokea vya watu. Keki asubuhi, keki ya kubeba dukani, keki baada ya chakula cha jioni. Nasimama mpaka amalize.

Jumanne, Machi 25

Amemaliza vyote. Anakunywa maji mengi mno na kuamka kila saa kwenda chooni.

Jumamosi, Machi 29

Njia ya sokoni imekatika kama nilivyosema. Watu wanalia hakuna kitu. Mimi stoo yangu imejaa. Nimeoka mbili kwa mpigo.

Jumatano, Aprili 2

Imepanda tena. Kidonda kimepanuka. Daktari mwenyewe ameingia, amekitazama, akaandika.

Nimerudi nikachukua nguo kufua ili nisiseme na mtu. Kwenye mfuko wa suruali ya Fundi nikakuta pipi mbili, na karatasi zake hazijafunguliwa. Ni zile zile anazonyonya wifi.

Alhamisi, Aprili 3

Nimezungumza. Naandika kama ilivyokuwa, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na lake.

Walirudi jioni, wote wawili wamelowana, wamejifunika kipande kimoja cha nailoni. Sikuwangoja wakae. Nikaweka zile pipi mezani. Nikamwambia wifi, nimekustahi miaka sita, leo nataka unijibu mbele yake: unamlisha mume wangu pipi?

Akasema hajampa kaka yake kitu. Hakupandisha sauti. Fundi akafungua mdomo, akasema, "Nesi ndiye aliyeniambia niwe nazo mfukoni, kwa ajili ya kizunguzungu. Nikamwomba huyu ndiyo maana..."

Nilicheka. Nilicheka kweli, kwa sauti. Nikamuuliza ni nesi gani duniani anayempa mgonjwa wa sukari pipi, na kama alikuwa anamtetea dada yake basi angalau atafute uongo wenye miguu. Neno hilo lilinitoka, nikaliona linavyomwingia, lakini nilikuwa nimeshapanda na sikujua kushuka. Nikasema yote. Nikasema kuna wanawake wameshindwa nyumba zao na hawatulii mpaka wamevunja za wenzao. Nikasema mimi nasimama jikoni siku nzima nikimwokoa huyu mtu, na mwingine anabomoa kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia Fundi achague: ama yeye ama mimi.

Fundi alikuwa ameketi amekamata goti kwa mikono miwili. Hakuchagua. Mwanamume anayekata kitambaa cha watu bila hata kuchora mstari, alishindwa kukata neno moja.

Wifi ndiye aliyekata. Alisimama akasema, "Kaka yangu ana mguu mbovu. Asiwe na nyumba mbovu pia. Naondoka."

Nikamwambia na dukani asionekane.

Alifungasha haraka, hana vitu vingi. Alipokuwa anatoka alinisogelea na mfuko begani, nikadhani anataka kunitukana. Akanieleza juu ya kidonda: maji yachemke kwanza ndipo yapoe, nisitumie pamba kwa sababu inaacha nyuzi, nichunguze katikati ya vidole kila siku maana hapo hasikii kitu. Nikamjibu najua. Sikuwa najua lolote. Akatoka mvua ikinyesha, na ile nailoni akamwachia kaka yake.

Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Nakiri hivyo.

Jumatatu, Aprili 7

Nilijaribu kufungua bandeji, nikashindwa, nikakimbilia nje. Fundi amesema atasafisha mwenyewe dukani. Nimeona bora hivyo. Nimemwekea keki vipande viwili.

Alhamisi, Aprili 10

Peke yake dukani kazi imemzidi, anakanyaga cherehani kutwa. Anasema mguu hauumi. Nikafurahi.

Jumapili, Aprili 13

Kuna harufu. Nilidhani ni panya amekufa stoo. Nimetoa makopo yote, nimepangusa rafu zote, sikukuta kitu. Nimerudi ndani nikakuta harufu ipo sebuleni, chini ya kiti chake.

Jumatano, Aprili 16

Sukari imepanda kuliko siku zote. Daktari amempa barua ya hospitali kubwa, aende mara tu njia ikipitika.

Wifi hayupo. Dukani hakuna mtu. Pipi hakuna, nakagua mifuko asubuhi na jioni. Sielewi.

Alhamisi, Aprili 17

Nimewaza usiku kucha nikapata jibu: vipimo vyao ni vibovu, au nesi hatuamini na anaandika anavyotaka. Kesho nampelekea keki. Nimeoka nzuri kuliko zote, ya tende, zabibu na ndizi kavu, nimeipaka asali juu. Ale, ajionee jinsi mtu huyu anavyotunzwa, halafu anieleze.

Ijumaa, Aprili 18

Nilimkuta nesi anamaliza zamu, anavua glovu. Nikaifungua keki mezani kwake. Akafurahi, akasema mama umejisumbua, akakata kipande cha kwanza akala amesimama. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mama, humu umeweka nini?"

Nikamweleza, na niliona fahari kueleza: kopo zima la tende, ndizi sita, zabibu vikombe viwili, asali. Sukari hakuna, nikamwambia, hata chembe.

"Na yeye anakula hii mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku. Tangu mwezi wa tatu."

Aliweka kipande chini polepole, akavuta kiti akaniambia niketi. Nikajua. Kabla hajasema nilijua, kwa sababu ya ile sura ya huruma ambayo hajawahi kunionyesha.

"Mama, hii ni sukari."

Nikarudia kwamba sikuweka. Akasema, "Hukuweka kwa kijiko, umeweka kwa kopo. Tende ni sukari. Asali ni sukari. Ndizi ikiiva ukaikausha, kinachobaki ni sukari. Damu haiulizi imetoka kwenye gunia gani." Halafu akasema kosa si langu peke yangu, kwamba na wao walimuuliza kama anakula sukari, akasema hapana, wakaridhika kumwona mwongo badala ya kuuliza anakula nini hasa. Alisema kwa upole. Ningependa angenitukana.

Nikamuuliza kuhusu pipi.

"Mimi ndiye niliyemwambia awe nazo," akasema. "Vidonge tulivyompa vinaweza kumshusha sukari ghafla kama hajala. Anyonye moja kisha aje hapa. Hakukwambia?"

Aliniambia.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, matope mpaka kwenye magoti. Miaka ishirini na mitatu napima sukari kwenye mizani, na kwangu mimi sukari ni kile kitu cheupe kinachopimwa. Kisichopita kwenye mizani hakikuwa sukari. Na ile rangi! Keki isiyo na sukari haipati rangi, niliandika hivyo mwenyewe kwa mkono wangu. Hii ilitoka kahawia inayong'aa mbele ya macho yangu, siku baada ya siku, nikawa naisifu. Hata wifi, asiyejua kuchemsha yai, alijua kwa ulimi wake.

Sijamwambia Fundi bado. Amekaa na mguu juu ya stuli. Ameniuliza kama nesi ameipenda keki.

Jumamosi, Aprili 19

Nimemwambia. Akasema, "Haya." Basi. Haya.

Jumanne, Aprili 22

Njia imefunguka. Tumefika hospitali. Walipofungua bandeji daktari kijana aligeuza uso kwanza. Wameuliza nani alikuwa anakisafisha kidonda. Fundi akasema dada yangu, mwanzoni kilikuwa kinafunga vizuri. Wakauliza, halafu? Akasema halafu ikawa mimi mwenyewe. Hakunitazama alipokuwa anasema, na najua alifanya hivyo kwa kunionea huruma.

Alhamisi, Aprili 24

Wamekata. Chini ya goti.

Jumamosi, Aprili 26

Mvua imekatika. Jua kali, watu wanaanika magodoro.

Alhamisi, Mei 1

Nimekwenda kwa wifi. Amepanga chumba nyuma ya soko, amekaa dirishani anapinda pindo la pazia la mtu. Hakushtuka kuniona. Akanikaribisha kiti, yeye akakaa kitandani.

Habari za mguu alikuwa nazo. Kumbe kila siku ya kutembelea wagonjwa alikuwa anaingia mimi nikitoka. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, yakayeyuka yote. Nikamwambia nimekukosea, nilikusingizia, nimekuaibisha, kilichouua mguu wa kaka yako ni mkono wangu na si wako, nisamehe. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Nimesikia, wifi," akasema.

Nikangoja. Hakukuwa na zaidi. Nikamwambia chumba chake cha uani kipo vile vile, arudi. Akasema, "Dukani nitarudi, kwa sababu ya kaka. Atakuwa anakata, mimi nakanyaga. Nyumbani hapana." Nikamwambia basi nitakuja tena. Akasema karibu, kama anavyomwambia mteja.

Nilimchukia kidogo pale, kwa kutonipa hata tusi moja la kwenda nalo.

Ijumaa, Mei 9

Fundi amerudi nyumbani. Wifi amekuja kumfunga kidonda. Amebisha hodi. Miaka sita ameishi hapa, amepika hapa, ameugua hapa, leo anasimama mlangoni anasubiri kukaribishwa. Alipomaliza akasema, "Wifi, naomba maji ya kunawa." Nikamletea kwenye beseni. Akashukuru.

Jumapili, Mei 11

Nimeondoa kila kitu stoo. Tende nimegawa, zabibu nimegawa, asali nimegawa kwa watu wenye miguu yao miwili. Keki ya mwisho, ile iliyobaki ndani ya kopo, nimeitupa.

Nilipomaliza nikakaa karibu na Fundi. Nilikuwa nimechoka na nina hasira, sijui ya nani. Nikamuuliza kitu ambacho kimenikaa rohoni tangu zahanati: alipokuwa anakula vipande vyote vile, huku anaona anaishiwa nguvu, kwa nini hakuniambia hata siku moja kwamba imetosha?

Alifikiri. Yeye hajibu haraka. Akasema, "Ulikuwa unasimama pale mlangoni unanitazama. Ningesemaje?"

"Ungesema umeshiba."

"Ungenuna."

"Kwani ulikuwa unazipenda hivyo?"

Akanitazama, na niliona anatafuta jibu lisiloniumiza. Hakulipata. "Mimi vitu vitamu sijawahi kuvipenda, mke wangu. Tangu utoto. Siku ya harusi yetu ile keki uliila wewe."

Siku ile waliyompima alikuwa ameacha sukari kwenye chai bila hata kulalamika. Hakuna aliyeomba keki. Niliwasha oveni mwenyewe, nikaijaza stoo mwenyewe, nikasimama mlangoni mwenyewe, na yeye akatafuna mguu wake kipande kwa kipande ili mimi nisinune.

Machozi yakaanza kunitoka na nikashindwa kuyazuia. Yeye akadhani nimeumia kwa sababu ya keki. Akanyoosha mkono akanipapasa bega.

"Basi, basi," akasema. "Niletee kipande kimoja nile. Kidogo tu."

Nikamwambia hakuna kilichobaki, vyote nimetupa.

Akashusha pumzi. Alijaribu kuificha, lakini tulikuwa tumekaa karibu sana, nikaisikia.